Asidi, Alkali na Mbolea: Kemia ya Shamba Lililochoka

Wilaya ya Uyui, yenye makao makuu yake Isikizya, imo katikati ya nchi ya Unyamwezi, juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa njia panda ya misafara. Burton na Speke walipowasili Kazeh, jirani na mji wa Tabora wa leo, mwaka 1857, walikuta kituo kikubwa cha biashara ambako pembe za ndovu kutoka magharibi zilikutana na nguo na shanga kutoka pwani. Misafara hiyo ya mamia ya wapagazi ilihitaji chakula, na chakula hicho kilitoka katika mashamba ya Wanyamwezi.

Wakulima wa zama hizo walijua jambo moja ambalo wajukuu zao wanalijua hata leo: shamba jipya lililofyekwa msituni na kuchomwa moto huzaa vizuri kwa misimu michache, kisha huchoka. Zamani mkulima alihama na kufyeka msitu mwingine, naye msitu ulikuwa mwingi. Leo watu wameongezeka, na miombo inapungua mwaka hata mwaka kwa sababu ya mashamba mapya na kuni za kukaushia tumbaku. Mkulima hana budi kubaki pale pale na kutumia mbolea ya chumvichumvi. Mara nyingi mbolea hiyo huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, na deni hukatwa katika mauzo ya tumbaku. Ikiwa mbolea haikuzaa, mkulima hupoteza mazao na fedha kwa pamoja.

Hapo ndipo kemia ya darasani inapoingia shambani. Shamba lililochoka si shamba lenye njaa tu. Aghalabu ni shamba lililojaa asidi pia. Mbolea ikitiwa katika udongo wa namna hiyo bila kuijua asidi iliyomo, sehemu yake kubwa hupotea, na baadhi ya mbolea huzidisha asidi ile ile. Lakini asidi ikifahamika vizuri, inaweza hata kufanywa mtumishi wa mkulima. Somo hili linaeleza jinsi mambo hayo yanavyotokea.

ASIDI, ALKALI NA CHUMVI

Asidi, ambayo wengi huiita tindikali, ni kitu ambacho kikiyeyuka katika maji hutoa ioni za haidrojeni, H⁺. Limau, siki, ukwaju na maziwa ya mgando vina asidi hafifu. Ndiyo maana ni vichachu. Maji ya betri ya gari ni asidi ya salfuriki, H₂SO₄, nayo ni asidi kali iunguzayo ngozi na nguo.

Alkali ni kinyume cha asidi: ni kitu ambacho katika maji hutoa ioni za haidroksidi, OH⁻, au huziondoa ioni za haidrojeni. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi ni alkali. Majivu ya kuni ni alkali pia, kwa kuwa yana potasiamu kabonati na kalsiamu kabonati. Maji yaliyochujwa katika majivu huteleza vidoleni kama sabuni, na utelezi huo ni mojawapo ya dalili za alkali.

Asidi na alkali zikikutana hubatilishana, na matokeo yake ni chumvi na maji. Mathalani:

HCl + NaOH → NaCl + H₂O

Chumvi iliyopatikana hapo, NaCl, ni ile ile ya mezani. Watu wa Unyamwezi waliifahamu tangu kale kutoka Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ambako maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa hadi yakakauka, na chumvi yake ikasafirishwa mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Hata hivyo, kwa mwanakemia neno «chumvi» lina maana pana zaidi. Kila kitu kinachotokana na asidi kubatilishwa na alkali ni chumvi, na takriban mbolea zote za viwandani, isipokuwa yurea, ni chumvi. Ndiyo sababu wakulima husema «mbolea ya chumvichumvi», na jina hilo ni sahihi kabisa. Lakini si kila chumvi ni mbolea: chumvi ya Uvinza ikimwagwa shambani itaua mimea badala ya kuilisha.

Ukali wa asidi au alkali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen, mwanakemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kipimo hiki huanza 0 hadi 14. Maji safi yana pH 7, yaani si asidi wala alkali. Chini ya 7 ni asidi, na juu ya 7 ni alkali. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau ni kwamba kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi. Udongo wenye pH 5 una ioni za haidrojeni mara 10 kuliko udongo wenye pH 6, na mara 100 kuliko wenye pH 7.

UDONGO WA MWINUKO NA UDONGO WA MBUGA

Mwamba ulio chini ya sehemu kubwa ya Unyamwezi ni itale, jiwe gumu lenye mchanga mwingi na kalsiamu kidogo. Jiwe hilo likimomonyoka kwa maelfu ya miaka huacha udongo wa kichanga usio na akiba kubwa ya chakula cha mimea. Juu ya udongo huo hunyesha mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili.

Maji ya mvua yenyewe yana asidi hafifu, kwa kuwa hewa ina kaboni dayoksaidi:

CO₂ + H₂O → H₂CO₃

Mizizi ya mimea na viini vinavyoozesha majani huongeza asidi hiyo ndani ya udongo. Ioni za haidrojeni huchukua nafasi ya kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zilizoshikwa na chembe za udongo, na madini hayo husombwa na maji kwenda chini, mbali na mizizi. Mavuno nayo huondoa sehemu nyingine: kila robota la tumbaku linalopelekwa sokoni limebeba potasiamu na kalsiamu kutoka shambani. Polepole udongo wa mwinuko hubaki na asidi.

Madini yaliyosombwa hayapotei yote. Mengine huteremka hadi bondeni, kwenye mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Katika mbuga nyingi huonekana vipande vidogo vyeupe kama changarawe; hivyo ni kalsiamu kabonati, na udongo wake huelekea upande wa alkali. Kwa hiyo katika mwendo wa kilomita moja au mbili tu, mtu anayeshuka kutoka mwinukoni hadi mbugani anaweza kupita kutoka udongo wa asidi hadi udongo wa alkali.

Mpangilio huo wa udongo, unaojirudia kila kilima na kila bonde, ulielezwa kisayansi na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Mnamo mwaka 1935 aliupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa kuwa aina za udongo zimeungana kama pete za mnyororo mmoja uliotandazwa kutoka kilele hadi bonde. Wazo hilo lililozaliwa Tanganyika hutumika sasa na wataalamu wa udongo duniani kote.

Asidi hudhuru mimea kwa njia mbili. Kwanza, pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyofungwa katika udongo huanza kuyeyuka:

Al(OH)₃ + 3H⁺ → Al³⁺ + 3H₂O

Ioni za alumini ni sumu kwa ncha za mizizi. Mizizi hubaki mifupi na minene, ikashindwa kufuata maji chini ardhini. Hivyo mahindi hunyauka mapema mvua inapokatika kwa siku chache. Pili, alumini hiyo huikamata fosfati na kuigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka:

Al³⁺ + PO₄³⁻ → AlPO₄

Mkulima amenunua fosfati, ameitia shambani, nayo imo udongoni. Ila mmea hauwezi kuifikia. Ni kama nafaka iliyofungiwa ghalani na ufunguo ukapotea.

JINSI MBOLEA INAVYOTENGENEZWA

Mimea huhitaji vyakula vingi kutoka udongoni, lakini vitatu huhitajika kwa wingi zaidi: naitrojeni (N), fosforasi (P) na potasiamu (K). Utengenezaji wa mbolea, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kukutanisha asidi na alkali.

Naitrojeni hutoka hewani. Mwaka 1909 Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha kwamba naitrojeni na haidrojeni zinaweza kuunganishwa kwa joto, kani kubwa na kichocheo, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kilichojengwa chini ya uongozi wa Carl Bosch kilianza kazi Oppau:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Zao lake, amonia, ni alkali. Ili kuigeuza iwe kitu kikavu kinachoweza kufungwa katika mfuko, hubatilishwa kwa asidi. Ikibatilishwa kwa asidi ya salfuriki hupatikana salfeti ya amonia, ambayo kwenye mifuko huandikwa SA:

2NH₃ + H₂SO₄ → (NH₄)₂SO₄

Asidi ya salfuriki yenyewe hutengenezwa kwa kuchoma salfa kupata SO₂, kisha kuiunganisha na oksijeni zaidi mbele ya kichocheo cha vanadiamu kupata SO₃, ambayo mwishowe huingizwa majini kwa njia ya asidi iliyokolea.

Fosforasi hutoka katika mawe ya fosfati. Mawe hayo hayayeyuki katika maji safi. Mwingereza John Bennet Lawes alipata hati ya kuyatengeneza kwa asidi mwaka 1842, na kanuni aliyoitumia ndiyo msingi wa mbolea za fosfati hadi leo. Kwa mukhtasari huandikwa hivi:

Ca₃(PO₄)₂ + 2H₂SO₄ → Ca(H₂PO₄)₂ + 2CaSO₄

Ca(H₂PO₄)₂ huyeyuka majini, na mizizi huweza kuinywa. Ikiwa badala ya asidi ya salfuriki itatumiwa asidi ya fosforiki, hupatikana mbolea yenye fosfati nyingi zaidi, ambayo wakulima huijua kwa herufi TSP.

Tanzania ilikuwa na kiwanda cha kazi hii mjini Tanga, kilichoanza kuzalisha mwaka 1972. Kilitengeneza SA, TSP na mbolea za mchanganyiko, lakini malighafi zake nyingi zililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Funzo lake ni la kiuchumi na la kikemia pia: asiye na amonia na salfa yake mwenyewe hutegemea bei za bandari za mbali.

Kwenye mfuko wa mbolea ya tumbaku huandikwa NPK 10-18-24. Tarakimu hizo ni asilimia ya N, ya P₂O₅ na ya K₂O kwa mfuatano huo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 5 za naitrojeni, kilo 9 za P₂O₅, yaani kilo 3.9 za fosforasi halisi, na kilo 12 za K₂O, yaani kilo 10 hivi za potasiamu halisi. Potasiamu ya tumbaku hupendelewa itoke katika salfeti ya potasiamu na si kloridi ya potasiamu, kwa kuwa klorini nyingi katika jani huliharibia uwezo wa kuungua vizuri.

MBOLEA INAYOZAA ASIDI

Salfeti ya amonia ni chumvi. Haina ladha ya uchachu wala haichomi ngozi. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba haina madhara yoyote ya asidi. Lakini udongoni wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti, na kazi hiyo huzaa asidi:

(NH₄)₂SO₄ + 4O₂ → 2HNO₃ + H₂SO₄ + 2H₂O

Asidi hiyo ikibatilishwa kwa kalsiamu kabonati, yaani chokaa ya kilimo, kila ioni mbili za H⁺ huhitaji CaCO₃ moja. Asidi iliyozaliwa hapo juu ina ioni nne za H⁺, hivyo zinahitajika CaCO₃ mbili. Uzito wa molekuli ya (NH₄)₂SO₄ ni 132, na wa CaCO₃ ni 100. Kwa hiyo kilo 132 za SA zaweza kuhitaji hadi kilo 200 za chokaa, na mfuko mmoja wa kilo 50 waweza kuhitaji hadi kilo 76. Shambani kiasi huwa pungufu ya hapo, kwa sababu mizizi inayokunywa naitreti hurudisha alkali kidogo udongoni. Hata hivyo hesabu inaonyesha wazi ukubwa wa jambo lenyewe.

Yurea, CO(NH₂)₂, yenye uzito wa molekuli 60, huzaa asidi kwa njia hii:

CO(NH₂)₂ + 4O₂ → 2HNO₃ + CO₂ + H₂O

Hapa kwa naitrojeni ile ile, atomu mbili, zimepatikana ioni mbili tu za H⁺ badala ya nne. Ndiyo kusema, kwa kila kilo ya naitrojeni, yurea huzaa nusu ya asidi inayozaliwa na SA. CAN, ambayo ni naitreti ya amonia iliyochanganywa na chokaa, huzaa asidi kidogo zaidi, kwa kuwa imebeba dawa yake ndani yake.

Ushahidi wa jambo hili umekuwako kwa muda mrefu. Huko Rothamsted, Uingereza, majaribio ya majani ya malisho yalianzishwa mwaka 1856 na yanaendelea hadi leo. Vipande vya ardhi vilivyopewa salfeti ya amonia kila mwaka bila chokaa vilishuka hadi chini ya pH 4, na aina nyingi za mimea zikatoweka humo. Udongo wa kichanga wa Uyui, usio na akiba kubwa ya kalsiamu, una kinga ndogo dhidi ya mabadiliko kama hayo.

CHOKAA, MAJIVU NA JIWE LA MINJINGU

Tiba ya kwanza ni chokaa. Mawe ya chokaa yaliyosagwa hubatilisha asidi na kuongeza kalsiamu:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

pH ikipanda, alumini huganda tena kuwa Al(OH)₃ na kuacha kudhuru mizizi. Karanga hufaidika zaidi, kwa kuwa maganda yake hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka udongoni. Ugumu ni uzito na safari: chokaa hutiwa kwa mamia ya kilo, nayo hutoka mbali. Chokaa nayo isizidi. Tumbaku hustawi katika pH ya 5.5 hadi 6.5 hivi, na chokaa ikipita kiasi hualika ugonjwa wa kuoza mizizi.

Tiba ya pili ni majivu. Hapa hekima ya wazee inakutana na kemia. Moto wa kusafishia shamba jipya uliacha kalsiamu na potasiamu kabonati juu ya ardhi, na alkali hiyo ilibatilisha asidi kwa misimu michache. Akiba ilipokwisha, shamba «lilichoka». Lakini njia hiyo ilikuwa ya gharama kubwa: naitrojeni yote ya miti ilipaa na moshi, na msitu uliokua kwa miongo ulitumika kwa mavuno machache. Majivu ya jikoni na ya mabani ya tumbaku hayana hasara hiyo, kwa kuwa kuni zimekwisha kuchomwa kwa kazi nyingine. Yasitupwe.

Tiba ya tatu ni ya fosfati. Karibu na Ziwa Manyara, mahali paitwapo Minjingu, mwaka 1956 yaligunduliwa mawe ya fosfati yaliyotokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Uchimbaji ulianza mwaka 1983, na mawe hayo yalipelekwa kiwandani Tanga wakati kiwanda hicho kilipokuwa kikifanya kazi. Mawe ya Minjingu ni laini kuliko fosfati nyingine nyingi, na yakisagwa huyeyuka yenyewe katika udongo wenye asidi:

Ca₃(PO₄)₂ + 4H⁺ → 3Ca²⁺ + 2H₂PO₄⁻

Mlinganyo huu ulinganishwe na ule wa kiwandani. Kazi ni ile ile: asidi inaivunja fosfati. Tofauti ni kwamba kiwandani asidi hununuliwa, na shambani asidi ipo bure. Zaidi ya hayo, ioni nne za H⁺ zimetumika, na kalsiamu imeachwa nyuma. Hivyo udongo umepata chakula na asidi imepungua kwa wakati mmoja. Katika magharibi ya Kenya, ambako udongo wa sehemu nyingi una asidi, fosfati ya Minjingu ilijaribiwa katika miaka ya 1990 na mahindi yakaipokea vizuri.

Lakini jiwe hilo hilo likitiwa mbugani, penye alkali, hulala tu kama mchanga, kwa kuwa hakuna H⁺ ya kuliyeyusha. Hata mwinukoni huyeyuka polepole, hivyo haliwezi kuchukua nafasi ya mbolea inayoyeyuka upesi kwa zao linalohitaji fosfati katika majuma yake ya mwanzo. Neno la kwanza, basi, si «tia mbolea gani?» bali «udongo huu ni wa namna gani?»

Swali hilo liliwahi kupuuzwa katika mkoa huu huu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mapori yalifyekwa kwa matrekta kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na udongo ulikuwa mojawapo.

MAJARIBIO YA DARASANI

Jaribio la kwanza. Maua makavu ya choya, yale yatengenezwayo kinywaji chekundu, yachemshwe na maji yachujwe. Maji hayo yagawanywe katika glasi tatu. Moja itiwe limau, ya pili isitiwe kitu, ya tatu itiwe magadi. Asidi huyafanya yawe mekundu zaidi. Alkali huyageuza kuwa na rangi ya kijani au samawati. Wanafunzi wajaribu pia siki, maji ya majivu na maji ya sabuni.

Jaribio la pili. Udongo uchukuliwe mahali panne: mwinukoni msituni, katika shamba la tumbaku la miaka mingi, katika zizi la zamani na mbugani. Kijiko kimoja cha kila udongo kichanganywe na vijiko viwili na nusu vya maji safi ya mvua, kitikiswe na kuachwa kitulie. Maji ya juu yapimwe kwa karatasi za pH. Choya haitoshi kwa kazi hii, kwani haiwezi kutofautisha pH 5 na pH 6. Matokeo yaandikwe juu ya mchoro wa mteremko, kutoka kilele hadi bonde.

Jaribio la tatu. Vipande vyeupe kutoka mbugani vitonewe siki au asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Vikitoa mapovu, ni kabonati, na gesi inayotoka ni kaboni dayoksaidi.

Jaribio la nne. Kijiko kidogo cha SA kichanganywe na kijiko kidogo cha chokaa iliyozimwa, kisha matone machache ya maji. Karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa na kushikwa juu yake itageuka samawati:

(NH₄)₂SO₄ + Ca(OH)₂ → CaSO₄ + 2NH₃ + 2H₂O

Harufu kali inayosikika ni ya amonia. Ipeperushwe kwa mkono kuelekea puani, wala isivutwe moja kwa moja. Jaribio hili lina onyo kwa mkulima: majivu au chokaa visichanganywe na SA katika ndoo moja, kwani naitrojeni aliyoinunua itaruka hewani. Chokaa na majivu vitangulie majuma kadhaa, mbolea ifuate.

Tahadhari: asidi iliyokolea isizimuliwe kwa kumwagiwa maji. Asidi ndiyo itiwe polepole katika maji, huku yakikorogwa. Maji ya betri yasitumiwe darasani.

MASWALI

1. Eleza kwa nini shamba lililofyekwa na kuchomwa huzaa vizuri kwa misimu michache tu.

2. Mkulima alitia mifuko 3 ya SA, kila mmoja wa kilo 50. Tafuta kiasi cha juu kabisa cha CaCO₃ kinachohitajika kubatilisha asidi itakayozaliwa.

3. Onyesha kwa hesabu kwamba SA ina asilimia 21 hivi ya naitrojeni na yurea asilimia 46 hivi. (N = 14, H = 1, S = 32, O = 16, C = 12.) Kisha tafuta mfuko upi ni nafuu kwa kilo moja ya naitrojeni, ukitumia bei za duka lililo karibu.

4. Mkulima mmoja ana shamba mwinukoni lenye pH 5, na mwingine mbugani lenye pH 7.8. Wote wawili wanataka kununua fosfati ya Minjingu. Mshauri kila mmoja, na uandike mlinganyo unaounga mkono ushauri wako.

5. Wanafunzi wachore ramani ya mashamba yanayoizunguka shule yao, waandike pH ya kila shamba, na waipeleke kwa bwana shamba wa kata. Ramani kama hiyo, ikirudiwa kila baada ya miaka mitatu, itaonyesha kama asidi inaongezeka au inapungua, na wakulima wataweza kuitumia kabla ya kuchukua mkopo wa msimu unaofuata.